Mwasumini huchanua palipokatwa: Jinsi ya kuustawisha ghorofani mjini Mombasa

Na MWANDISHI WETU

WANAOIFAHAMU Biashara Street mjini Mombasa huijua zaidi kwa leso. Hapo ndipo jamaa za bibi harusi huenda kuchagua jozi zitakazofungwa siku ya sherehe, na hapo ndipo kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo leso zake hutambulika kwa maandishi ya ‘Mali ya Abdulla’, imekuwa ikiuza vitambaa hivyo kwa vizazi kadhaa.

Hata hivyo, pambo la mwanamke wa mwambao halikamilishwi na leso pekee. Ukivuka Digo Road na kuelekea Mji wa Kale, utakutana na pambo jingine lisilokuwa na jina la kiwanda wala maandishi. Hilo ni asumini, ua dogo jeupe ambalo wengine huliita yasmini. Maua hayo hutungwa kwa uzi yakawa koja, au huchanganywa na waridi, rehani na vipande vya mkadi yakawa kikuba, kifungu kidogo chenye kunukia kinachobanwa kwenye nguo au kwenye nywele.

Leso na asumini hutofautiana katika jambo moja kubwa. Leso inaweza kusafirishwa kutoka ng’ambo, ikalala dukani mwaka mzima, kisha ikatunzwa sandukuni hadi ikarithiwa. Asumini haina subira hiyo. Tumba lililochumwa alasiri hufunguka magharibi, hunukia usiku, na kufikia asubuhi limeanza kusinyaa na kugeuka rangi ya kahawia. Kwa hivyo, ua hilo sharti limee karibu na mahali linapovaliwa.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo na kimejaa nyumba. Nyua ambazo zamani zilikuwa na mwasumini, mlimau na kisima zimejengwa vyumba vya kupangisha. Familia inayoishi juu ya duka katika Biashara Street au katika vichochoro vya Mji wa Kale imebakiwa na roshani, ngazi au paa la zege. Wengi wamejaribu kuuhamishia mmea huo kwenye debe au ndoo, na wengi wamekata tamaa. Huyu hulalamika kuwa mwasumini wake una majani mengi lakini hautoi hata ua moja. Yule husema wake umegeuka manjano na kudhoofika ijapokuwa anaumwagilia maji kila siku.

Malalamiko hayo yote yana jibu, na jibu lenyewe ni jepesi kulielewa. Mwasumini hutoa maua kwenye ncha za matawi machanga. Bila tawi jipya hakuna ua. Kila jambo analolifanya mtunzaji, liwe la udongo, la maji, la jua au la kisu, lapaswa kupimwa kwa swali moja tu: je, litaufanya mmea huu utoe matawi mapya?

Mmea wenyewe

Mwasumini unaopandwa katika pwani yetu ni kichaka ambacho matawi yake marefu hutambaa au hujiegemeza kwenye ukuta. Wataalamu huuita Jasminum sambac. Ni wa jamii moja na mzeituni, na asili yake ni Asia ya Kusini. Majina yake yenyewe yanasimulia safari yake. Neno asumini, sawa na yasmini, lina asili ya Kiajemi na lilipitia katika Kiarabu, na neno ‘sambac’ limetokana na neno la Kiarabu ‘zanbaq’.

Mmea huu umetukuzwa katika nchi nyingi. Nchini Ufilipino, ambako huitwa sampaguita, ulitangazwa kuwa ua la taifa mnamo 1934. Nchini China, maua yake hutumiwa kuitia majani ya chai harufu nzuri. Katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, wakulima huupanda mashambani kwa ajili ya kuuza maua sokoni, nayo asumini ya mji wa Madurai ilisajiliwa mnamo 2013 kwa jina la mahali inapotoka ili wengine wasilitumie jina hilo ovyo.

Kuna aina kadhaa. Ipo yenye petali chache zilizopangwa safu moja au mbili, na ipo yenye petali nyingi zilizosongamana hata ua likafanana na waridi dogo. Ya kwanza hukua kwa wepesi zaidi, nayo ndiyo inayomfaa anayeanza. Ya pili hupendeza macho lakini hukua polepole.

Usiufuate msimu wa Ulaya

Wapenzi wengi wa maua siku hizi husoma maelezo ya utunzaji yaliyoandikwa kwa ajili ya bustani za Ulaya na Marekani. Humo husifiwa vichaka vya mapambo vinavyochanua majira ya kuchipua, kama vile lilaki na forsithia. Ni vema msomaji aelewe kwamba vichaka hivyo na mwasumini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Lilaki huandaa matumba yake tangu mwaka uliotangulia, kwenye matawi yaliyokwisha kukomaa. Matumba hayo hulala wakati wote wa baridi kali, na baridi hiyo ndiyo inayoyatayarisha kufunguka. Ndiyo maana lilaki ikiletwa Mombasa haichanui, kwa kuwa baridi hiyo haipo. Ndiyo maana pia wataalamu wa Ulaya huonya kwamba kuipogoa kabla ya msimu wake ni kuyakata maua yote ya mwaka.

Anayelichukua onyo hilo na kulitumia kwa mwasumini huuharibu mwasumini wake kwa huruma. Mmea huu hauhitaji baridi. Majira yake ya kuchipua huletwa na mvua na joto. Kwetu pwani, mvua ya masika hunyesha kuanzia Aprili hadi Juni, na ile ya vuli huja Oktoba na Novemba. Mwasumini uliopogolewa mapema kidogo kabla ya mvua huyakuta maji ukiwa tayari kuchipua. Ule usioguswa huendelea kurefusha matawi yale yale ya zamani, majani yakaongezeka na maua yakapungua.

Tatizo la mwamba wa matumbawe

Kabla ya kisu, tuanze na udongo. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe hayo hayo na kukandikwa kwa chokaa. Mtu anayechota udongo uani, au anayejaza debe kwa kifusi cha nyumba iliyobomolewa, huujaza chokaa mmea wake pasipo kujua.

Mwasumini hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Chokaa inapozidi, madini ya chuma yaliyomo udongoni hufungika na mizizi haiwezi kuyafyonza. Matokeo yake huonekana kwanza kwenye majani machanga: jani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani kibichi. Wengi wakiona hivyo hudhani mmea una kiu au una njaa ya samadi. Huongeza maji, huongeza samadi, na rangi haibadiliki.

Kosa jingine la kawaida ni kumwaga majivu ya jikoni katika debe kwa imani kwamba ni mbolea. Katika udongo wenye uchachu mwingi majivu yaweza kufaa. Lakini majivu hufanya kazi sawa na chokaa, kwa hiyo katika udongo wa matumbawe huzidisha ugonjwa ule ule.

Dawa ya tatizo hili ni mboji, yaani majani na takataka za mimea zilizooza vizuri. Pwani yetu ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mnamo 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti katika machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Palikuwa mwamba mtupu wa matumbawe. Kati ya aina 26 za miti alizozijaribu, ni tatu tu zilizostahimili, na mvinje ndio uliotia fora. Majani ya mvinje yalipodondoka hayakuoza kwa urahisi, ndipo walipoletwa majongoo ambao waliyala na kuyageuza kuwa udongo mweusi. Hivi leo mahali hapo ni msitu unaojulikana kama Haller Park. Kilichofanyika Bamburi kwa miaka mingi, mkazi wa ghorofani anaweza kukifanya katika debe moja kwa kulijaza mboji.

Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za udongo mwekundu au mweusi kutoka bara kidogo, sehemu moja ya mboji au samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufuoni usitumiwe hata kidogo, kwani una chumvi na vipande vya kome. Iwapo majani yameshaanza kugeuka manjano, maduka ya pembejeo za kilimo huuza dawa za madini ya chuma zilizotayarishwa ili mmea uweze kuyafyonza hata penye chokaa. Dawa hiyo huponya kwa muda, lakini kubadilisha udongo ndiko kunakoondoa chanzo chenyewe.

Debe na mahali pa kuliweka

Chombo kiwe na upana na kina cha sentimita 30 au zaidi. Debe la lita 20 linatosha kwa miaka miwili ya mwanzo. Litobolewe matundu manne au matano chini, kisha liinuliwe juu ya matofali ili maji yapate pa kutokea. Mizizi iliyozama majini huoza, na mmea wenye mizizi iliyooza hunyauka kama mmea wenye kiu. Chombo cha bati hushika joto kali juani, kwa hiyo kipakwe rangi nyeupe kwa nje au kizungushiwe gunia.

Jua ndilo jambo linalosahauliwa zaidi katika vichochoro. Mwasumini unahitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita hivi kwa siku ili uchanue vizuri. Kivulini hauna budi kuishi kwa kurefusha matawi membamba yanayoutafuta mwanga, na tawi la namna hiyo halina nguvu ya kubeba maua. Kabla ya kuchagua mahali, mtu achunguze siku moja jua huingia saa ngapi kwenye roshani yake na hutoka saa ngapi. Iwapo jua halifiki saa nne kwa siku, ni heri debe lipandishwe juu ya paa.

Juu ya paa nako kuna adui yake, nao ni upepo. Kaskazi, inayovuma kuanzia Disemba hadi Machi, hukausha debe kwa siku moja. Kusi huvuma kwa nguvu na kuvunja matawi machanga. Pepo hizi mbili hubeba chumvi ya bahari na kuiacha juu ya majani. Ukuta mfupi wa paa, au kizuizi cha makuti, hutosha kuukinga mmea. Majani nayo yaoshwe kwa maji baridi mara moja moja ili chumvi itoke.

Maji ya kisima yanayoua polepole

Mji wa Mombasa huletewa maji ya mfereji kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima huko Tsavo, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Kila mkazi ajua kuwa mifereji haina maji kila siku. Inapokauka, watu hununua mitungi ya maji kutoka kwa wenye mikokoteni au huchota katika visima, na visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi.

Mwandishi wa makala haya aliupoteza mwasumini wake wa kwanza kwa njia hiyo. Ilikuwa kaskazi, maji ya mfereji yakakosekana kwa wiki kadhaa, naye akawa akiumwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Ncha za majani zikaanza kuwa kahawia kana kwamba zimeunguzwa na moto. Akadhani ni jua kali, akaongeza maji. Kadiri alivyoongeza ndivyo majani yalivyozidi kupukutika, mpaka yakabaki matawi makavu. Kumbe maji katika debe huvukia na kuiacha chumvi nyuma. Kila unapomwagilia, chumvi huongezeka, hadi mizizi ikashindwa kunywa hata kama udongo umelowa.

Kinga yake ni hii. Maji ambayo ulimi waonja chumvi ndani yake yasimwagwe katika debe. Maji ya mvua yakingwe kutoka kwenye mabati na kuwekwa katika pipa lenye kifuniko, kwani hayo ndiyo mazuri kuliko yote. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa pia, mradi hayana sabuni wala chumvi. Iwapo mtu amelazimika kutumia maji ya kisima kwa siku chache, basi mvua ya kwanza ikinyesha, debe liachwe wazi au limwagiwe maji mengi ya mvua hadi yatiririke chini kwa muda. Maji hayo yataondoka na sehemu kubwa ya chumvi.

Kuhusu kiasi, kidole ni kipimo cha kutosha. Kitumbukizwe udongoni hadi kifundo cha kwanza. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yaonekane chini ya debe. Kikitoka na unyevu, ngoja hadi kesho. Wakati wa kaskazi huenda debe likahitaji maji kila siku, ilhali wakati wa masika laweza kukaa wiki nzima bila kuguswa. Matandazo ya majani makavu juu ya udongo hupunguza ukavu huo kwa kiasi kikubwa.

Kisu na hesabu yake

Sasa tuje kwa kisu, kwa kuwa hapa ndipo wengi husita. Majani ya mwasumini huota mawili mawili, yakitazamana kwenye kifundo kimoja. Katika kila kwapa la jani mna jicho dogo lililolala. Maadamu ncha ya tawi ipo, ncha hiyo hutoa kemikali inayoteremka na kuyazuia macho ya chini yasiamke. Ukiikata ncha, kizuizi huondoka. Macho mawili yaliyo chini ya mkato huamka kwa pamoja, na tawi moja huwa matawi mawili.

Hesabu yake ni rahisi. Mwasumini wenye matawi kumi ukipogolewa mara moja hupata ncha ishirini. Ncha hizo zikikatwa tena baada ya kuchanua, huwa arubaini. Kwa kuwa kila ncha changa yaweza kubeba kishada cha maua matatu au zaidi, mtu aweza kuona tofauti iliyopo kati ya kichaka kilichokatwa na kile kilichoachwa kwa miaka mitatu kikitambaa ukutani.

Upogoaji mkubwa ufanywe mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Machi, kabla ya masika kuanza. Matawi yakatwe yabakie theluthi mbili au nusu ya urefu wake. Yaliyokauka, yaliyo dhaifu na yanayosuguana yaondolewe kabisa. Huko Tamil Nadu wakulima ni wakali zaidi: hukata kichaka chote mwishoni mwa Novemba hadi kibakie nusu mita hivi kutoka ardhini. Anayepanda katika debe hahitaji kufika huko isipokuwa mmea wake umezeeka na kuwa miti mitupu chini.

Zaidi ya huo, kila kishada kikimaliza kuchanua, ncha yake ikatwe juu kidogo ya jozi ya majani iliyo chini yake. Kisu au makasi yawe makali na yapanguswe kwa spiriti, kwani mkato uliochanika huingiza magonjwa.

Baada ya kupogoa, mmea hulishwa. Konzi mbili za mboji au samadi iliyooza zatosha kwa debe, zikirudiwa kila baada ya miezi miwili wakati wa kukua. Mtu asizidishe samadi ya kuku wala mbolea ya dukani iliyokusudiwa kukuza majani, kwa maana mmea ulioshiba mbolea hiyo hunenepesha majani na kusahau maua. Kila baada ya miaka miwili mmea utolewe, mizizi inayozunguka pembeni ipunguzwe, na udongo ubadilishwe.

Wadudu na dawa

Wakati wa ukame huja utitiri mwekundu, wadudu wadogo mno wasioonekana kwa urahisi, ambao hukaa chini ya jani na kulinyonya hadi likajaa vitone vya manjano. Huchukia maji. Kuyaosha majani kwa chini, siku mbili au tatu mfululizo, huwapunguza sana. Wapo pia wadudu weupe wanaofanana na pamba, hujificha kwenye makwapa ya matawi. Dalili yao ya kwanza huwa ni sisimizi wanaopanda na kushuka wakifuata utamu unaotolewa na wadudu hao. Wafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha mmea usuuzwe. Kuna pia viwavi wanaotoboa matumba yakaanguka kabla ya kufunguka. Matumba yaliyotobolewa yaokotwe na kuteketezwa, yasiachwe chini ya mmea.

Kuhusu sumu za dukani, msomaji akumbuke kuwa ua hili huwekwa kwenye nywele, huvaliwa karibu na ngozi, na huwekwa juu ya mto wa kulalia. Ua lililopuliziwa sumu halifai kwa matumizi hayo.

Kuchuma

Matumba huchumwa alasiri yakiwa yamejaa, meupe, na bado yamefumba. Yale yenye rangi ya kijani yaachwe, hayajafika. Jambo la ajabu ni kwamba tumba lililokomaa huendelea na safari yake hata likishachumwa: magharibi likifika, hufunguka na kuanza kunukia kama lingekuwa bado kwenye tawi. Kwa sababu hiyo mshonaji wa vikuba aweza kufanya kazi yake mapema, na mnunuzi akapata ua likifunguka mkononi mwake. Hadi wakati wa kutungwa, matumba yawekwe katika kitambaa chenye unyevu, mahali penye baridi.

Kuchuma nako ni aina ya kupogoa. Mwasumini unaochumwa kila siku hauchoki, ilimradi mchumaji asiumie matawi kwa kuyavuta.

Kutoka kwa jirani hadi kwa jirani

Limebaki swali la mahali pa kupata mche. Mwasumini wa kupandwa ni nadra kuzaa mbegu. Umekuwa ukienezwa kwa vipande vya matawi tangu kale, na hii ina maana kuwa mwasumini ulio kwenye paa lolote la Mombasa ni kipande kilichotoka kwenye mwasumini mwingine, uliotoka kwenye mwingine tena. Vitalu vya maua huuza miche, lakini anayepewa tawi na jirani amepata mmea ambao tayari umethibitika kustahimili hewa ya chumvi.

Kwa hivyo, matawi yaliyokatwa mwezi Machi yasitupwe. Chagua yale ambayo si laini sana wala hayajawa miti. Yakatwe vipande vya sentimita 10 hadi 15, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne, mkato wa chini ukiwa chini kidogo ya kifundo. Majani ya chini yaondolewe. Vipande vichomekwe katika mkebe wenye mchanga wa mtoni na mboji kwa kiasi sawa, viwekwe kivulini, na vifunikwe kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili unyevu usipotee. Vikitunzwa na unyevu bila kuloweshwa kupita kiasi, mizizi huanza kutoka baada ya mwezi mmoja hivi. Majani mapya yakionekana, chupa iondolewe, na mche uzoeshwe jua kidogo kidogo kabla ya kuhamishiwa kwenye debe.

Mwenye kichaka kilichokwisha kukua anayo njia nyepesi zaidi. Hulalaza tawi la chini ndani ya mkebe wa udongo ulio kando, hulikwaruza kidogo kwa chini, hulifunika na kuliwekea jiwe. Tawi hilo huendelea kulishwa na mama yake hadi litakapotoa mizizi yake lenyewe, ndipo likatwe.

Kupogoa na kupanda, basi, ni kazi moja inayofanywa siku moja. Kichaka kimoja kilichokatwa kabla ya masika hutoa vipande vya kutosha madebe ya nyumba kadhaa. Anayeishi juu ya duka la leso na hana hata futi moja ya ardhi anahitaji debe, ndoo ya mboji, pipa la maji ya mvua na jirani mwenye mwasumini. Amwendee mwishoni mwa Machi, siku jirani huyo anaposhika makasi.